Kidirisha cha Kusevu na Mwanamke wa Kambarage

Kwa miezi mingi nilimwonea wivu mwanamke ambaye sikuwa nimemwona. Nilijua tu kwamba anakaa ofisi yetu ya Shinyanga, pale Kambarage, na kwamba faili anazotuma yeye, mume wangu hazilalamikii.

Kampuni yetu inachimba visima vya maji vijijini. Mimi nilikuwa ofisi ndogo ya Geita. Mume wangu alikuwa msimamizi wa mashine ya kuchimbia, kwa hiyo siku nyingi alishinda porini na mafundi wake. Wapimaji wakishapima ardhi, vipimo vyao huingia kwenye kanzidata ya kampuni. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kuiuliza hiyo kanzidata, kwa programu maalumu, inipe pointi za kuchimba za kijiji fulani. Majibu yakitoka nayasevu kwenye folda ya kijiji hicho, na mume wangu anaifungua kwenye simu yake hukohuko aliko.

Kuuliza hakukunisumbua. Kusevu ndiko kulikonitesa. Ukibonyeza kusevu, kinafunguka kidirisha kidogo kama kisahani, na hata ukivute vipi hakikui. Kinakutupa ndani ya mafaili ya programu yenyewe, mahali ambapo hakuna mtu mwenye shughuli napo. Utoke huko, upande folda hadi folda, ufike kwenye kijiji chako, usevu. Ukitaka kusevu faili ya pili palepale, kinakurudisha kulekule mwanzo kama vile hamjawahi kuonana. Majina marefu ya folda kinayakata katikati. Nilikuwa na vijiji viwili vya upande wa Bugarama ambavyo folda zao zilianza kwa maneno yaleyale, na mimi niliona huo mwanzo tu, mwisho umemezwa. Halafu jina la faili kinalopendekeza ni lilelile kila siku. Ukisahau kulibadilisha, kinauliza kama faili iliyopo ifutwe, huku kitufe cha ndiyo kikiwa kimeshachaguliwa, kinasubiri kidole chako kiteleze.

Asubuhi moja pointi za kijiji kimoja zikaingia kwenye folda ya kijiji cha pili. Mume wangu akazifuata. Lori la mashine likaenda kukanyaga majaruba ya mpunga ya mama mmoja, mpunga ukiwa umeshachanua.

Akanipigia simu. "Umenipeleka kwenye mpunga wa watu."

"Mimi nimesevu vizuri."

"Basi njoo umweleze huyu mama. Amekaa mbele ya tairi, hataki kuondoka."

Walielewana naye jioni, baada ya mwenyekiti wa kijiji kuja kusuluhisha kwa Kisukuma cha taratibu. Lakini wiki iliyofuata bosi akaamua faili zote za Bugarama zitoke Kambarage. Aliyeomba hivyo alikuwa mume wangu. Aliniambia mwenyewe nyumbani, tukiwa tunakula.

"Yule dada akinitumia, nafungua tu nafanya kazi," alisema. "Sihangaiki."

"Basi akupikie na ugali."

Alinawa mikono akatoka nje kuangalia pikipiki yake.

Sijui kipi kiliniuma zaidi: kwamba mume wangu anaongea na mwanamke mwingine kila siku asubuhi, au kwamba huyo mwanamke anatumia programu ileile, kidirisha kilekile, na hakimshindi. Mume wangu akiwa nyumbani, simu ikilia anatoka nayo uani. Mimi nabaki jikoni nasikiliza, naambulia "sawa, sawa" tu. Nikawa namtengenezea yule mwanamke sauti kichwani. Nikampa kicheko, nikampa vidole vyepesi na meza safi. Ofisini, kila kidirisha kiliponirudisha mwanzo, nilimwona yeye ameshamaliza, anakunywa chai.

Kisha nikaitwa Shinyanga kwa mkutano, nikawekwa kwenye meza ya jirani na yake.

Alikuwa mzuri. Natamani ningesema vingine. Alikuwa mrefu, amejifunga ushungi wa rangi ya kahawia, na alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, dada. Habari za Geita?"

"Nzuri," nikasema, macho yangu yakiwa kwenye kompyuta yake. Nilikuja nikiamini ana kompyuta bora. Ilikuwa kuukuu kuliko yangu.

Asubuhi hiyo nikamwangalia anavyofanya. Akauliza pointi, majibu yakatoka, akabonyeza kusevu. Kidirisha kikafunguka, kidogo vilevile, kikampeleka kulekule kwenye mafaili ya programu. Hakuhangaika kutoka. Akaandika jina la kijiji na tarehe, akasevu hapohapo.

"Unaacha huko?" nikauliza.

"Nakiacha kiweke kinapopenda. Siwezi kubishana nacho kila siku." Akafungua folda za kawaida za kompyuta, ambako majina yanaonekana yote, akaikata ile faili na kuihamishia kwenye folda ya kijiji chake. Kisha akaifungua, akasoma jina la kijiji ndani, akaifunga. "Nilishafuta kazi ya watu hapa, dada. Nililia chooni."

Simu yake ikalia. Alikuwa mume wangu. Mikono ya yule dada ilikuwa na kazi, akaweka spika.

"Faili?" ilisema sauti ninayolala nayo.

"Tayari. Kijiji cha—"

"Sawa." Ikakatika.

Nikamwuliza kama ndivyo huwa.

"Kila siku. Salamu hakuna. Nilidhani ananichukia, nikaogopa kukuuliza."

Nilicheka mpaka akanishangaa. Raha niliyoipata pale sikuweza kumweleza.

Nilirudi Geita na ule mtindo wa kuhamisha faili, na pointi zangu hazikupotea tena. Bugarama hawakunirudishia, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda. Nikapewa vijiji vya upande wa Buseresere, ambako msimamizi ni mzee mpole anayetaka habari za nyumba nzima kabla ya kutaja faili.

Mwaka huu likaja toleo jipya la programu. Kidirisha chake kinavutwa, majina yanaonekana mpaka mwisho, na kinakumbuka ulipoishia. Ofisi ya Kambarage ndiyo iliyowekewa kwanza. Geita tunaambiwa tusubiri.

Yule dada alinitumia picha ya kidirisha hicho kwa simu, kikiwa kimepanuka kujaza kioo chote. Nikamwandikia hongera. Kisha nikamwonyesha mume wangu.

"Kizuri," akasema.

"Nani mzuri?"

"Kidirisha, mama."

Nikaichukua simu yangu, nikaitazama ile picha tena, folda zote zimejipanga na majina yao kamili, na moyo ukanichoma vilevile.