Aliyesema Breki Inazama

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka huwa nacheka kwanza, ndipo nanyamaza. Nilikuwa mdogo, hata kaptula niliyovaa ilikuwa ya kurithi kwa kaka. Baba alinichukua Musoma mjini kuuza ngozi mbili za ng'ombe. Karibu na soko Mhindi mmoja alikuwa anashusha mapande ya barafu yaliyofunikwa kwa unga wa mbao. Nilikuwa sijawahi kuona barafu. Kipande kikaanguka, nikakiokota, nikakitia mfukoni nimpelekee bibi kule Nyegina, maana jino lilikuwa linamsumbua na nilisikia watu wanasema kitu kile kinapoza. Tukatembea kwa miguu, jua kali. Kufika, mfukoni hamna kitu, na kaptula imelowa mbele yote.

Shangazi zangu walicheka mpaka wakakaa chini. "Dume gani hili linajikojolea njiani mchana kweupe!" Nikaeleza habari ya jiwe la baridi linaloyeyuka, ndiyo nikaharibu kabisa. Jina la Kikojozi lilinifuata mpaka nikaota ndevu.

Hiyo haihusiani na ninachotaka kukuambia, isipokuwa kwa barafu. Nilidhani mimi na barafu tumemalizana siku ile. Kumbe ilikuwa inanisubiri mbali, milimani Ulaya, na safari ile haikuwa ya kuchekesha.

Shule nilisoma darasa la pili tu, kwa hiyo utanivumilia nikizunguka. Uhuru ulipokuja nilikuwa naosha malori ya pamba pale Bunda, na kwa kuosha nikajifunza kuendesha. Tulikuwa wawili, mimi na Wambura, jirani yangu wa Butiama. Wambura hakuwa jirani tu. Tuliingia jandoni asubuhi moja, kwa kisu kimoja, tumesimama bega kwa bega. Kwetu mtu wa namna hiyo ni rika lako, na rika ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu humchagui wala hakuoni siku ile. Rika amekuona.

Ujamaa ulipotangazwa, ushirika wetu ulipata msaada kutoka nchi moja ya Ulaya: malori mawili mapya pamoja na vyuma vya kinu cha kuchambulia pamba. Nchi yenyewe siitaji, maana jina lake nikilitamka wajukuu wananicheka. Wakataka madereva watatu waende wakafundishwe miezi mitatu, halafu wayapeleke malori wenyewe bandarini, njia ya milimani. Nikachaguliwa mimi, Wambura, na Masatu wa Suguti, ambaye alikuwa na Kiingereza kidogo na mdomo mkubwa. Siku ya kutuaga katibu wa ushirika alisimama juu ya robota la pamba akasema, "Nchi yetu changa. Msiiaibishe. Asirudi mtu hapa Mzungu ameandika kwamba Mwafrika ameshindwa." Maneno yale niliyameza kama dawa. Ndiyo yaliyoniua, ingawa mwenye kuyasema hakuwa na kosa.

Hata leo tukikutana madereva wa zamani pale gereji Bunda, kila mtu anatoa mlima wake. Huyu anatoa Sekenke, yule Kitonga. Halafu wananichokoza, "Mzee wa Ulaya, hebu tupe na wewe!" Huwa nawapa habari ya kufunga minyororo kwenye matairi ili gari lisiteleze, nawapa barabara iliyokunjwa kama utumbo wa mbuzi, na kuta za barafu zilizopita urefu wa lori. Wanafurahi, wananinunulia chai. Hii ya leo sijawapa.

Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Kizungu mwenye masharubu na kidaftari cha mfukoni alichoandikia makosa yetu. Kiswahili alijua neno moja tu, polepole, na sisi tukamwita hivyohivyo, Mzee Polepole. Siku ile ya mlima mkubwa yeye na Masatu walitangulia na lori la kwanza, mimi na Wambura tukafuata na la pili, Wambura kwenye usukani, tani saba za chuma mgongoni. Tulipanda tangu asubuhi, tukashuka bonde moja, tukapanda tena. Mchana tukafika kileleni. Pale kuna kibanda cha watu wa barabara. Mzee Polepole akaingia kugongesha karatasi mihuri. Sisi tukabaki nje tunapiga miguu chini kwa baridi.

Wambura akaniambia, "Breki inazama."

"Inazama vipi?"

"Tangu kona ile ya kanisa nakanyaga mara mbili, mara tatu, ndipo inashika. Na inanuka. Twende tumwambie mzee."

"Ni baridi hiyo," nikasema. "Hata wewe mwenyewe umeshazama kwenye koti."

Masatu akadakia, "Mwache bwana, amesikia harufu ya supu humo kibandani, anatafuta pa kulala."

"Supu nitakunywa nikiwa hai," Wambura akasema. Hakucheka. "Gari hili halishuki mpaka liangaliwe."

Sasa nikuambie nilichokuwa nacho kichwani, mwanangu, maana uzee bila ukweli ni kelele tu. Nilimwona Mzee Polepole anatoa kile kidaftari chake. Nilimwona katibu juu ya robota la pamba. Nilijiona naingia Bunda na watu wananong'ona kwamba hao ndio walioogopa mlima. Breki yenyewe sikuiwaza hata kidogo. Nikataka Wambura anyamaze, na nikajua kitu kimoja cha kumnyamazisha.

Nikamgeukia Masatu, nikasema kwa sauti, "Usimshangae huyu. Hata siku ya kisu goti lake lilicheza. Mimi nilikuwa ubavuni pake."

Masatu, na mdomo wake wote ule, aliacha kucheka palepale. Akaniambia polepole, "Aa, kaka. Hilo siyo la kusema."

Yeye hakuwa wa rika letu, ila alijua. Kwetu mwanaume aliyetikisika mbele ya kisu habari yake haisemwi, hata mkigombana mpaka mkashikana mapanga. Ikishasemwa, haifutwi kwa samahani. Inataka mbuzi, inataka wazee, inataka rika lote likae chini nyumbani. Na sisi tulikuwa juu ya mlima wa watu wengine.

Na hapo bado sijakuambia ubaya wenyewe. Goti lililocheza asubuhi ile lilikuwa langu. Wambura alilisikia linatetemeka, akalisogezea goti lake, akalikandamiza mpaka likatulia, wazee wasione. Tulikuwa vijana wa miaka kama kumi na mitano. Alikaa na siri hiyo miaka yote, hajawahi kuitaja hata akilewa, hata mimi na yeye peke yetu. Mimi nikaichukua aibu yangu, nikamvika yeye mbele ya mtu.

Alinitazama. Akasema, "Wewe ndiye unasema hivyo?"

Basi. Angeweza kumwambia Masatu ukweli, maneno matano tu yangetosha. Hakusema. Alinipa ufunguo, akazunguka upande wa pili, akapanda, akakaa. Nilidhani nimeshinda. Leo najua kwa nini alipanda lori ambalo mwenyewe alisema halishuki: rika haachwi ashuke peke yake.

Mzee Polepole akatoka, akatuinulia kidole gumba. "Polepole?"

"Polepole, mzee, hamna shida," nikajibu, meno nje.

Madereva wa zamani wanasemaga gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Mimi kwa kutaka kuonyesha kwamba siogopi niliweka kubwa yake. Kona ya kwanza breki ikashika. Ya pili ikashika kwa kubembelezwa. Ya tatu mguu wangu ulikwenda mpaka chini, ukakuta bati. Nikapampu. Bati. Nikarudisha gia, ikapiga kelele ikakataa kuingia. Kulia kwetu bonde, na chini kabisa nyumba ndogondogo kama punje za mtama.

Sikupiga kelele, mwanangu. Niliganda. Aliyepiga kelele ni Wambura: "Ulalie mlima! Ulalie mlima!" Akavuta hendibreki kwa mkono mmoja, mkono mwingine akaudaka usukani, akatulaza kushoto kwenye ukuta wa barafu. Lori likakwaruzana na ule ukuta sijui mwendo gani, kioo kikatumwagikia mapajani, halafu mwamba ukatushika. Vyuma vya kinu vilikuwa vimetawanyika barabarani nyuma yetu. Mimi mbavu mbili zimevunjika. Yeye paji la uso limepasuka, damu inashuka kwenye jicho.

Hapa ndipo nikupe nasaha kabisa, kwa sababu nikishamaliza habari hii huwa siwezi kusema kitu kingine.

Nilirudi Mara bila Wambura. Polisi wa kule walimtafuta na mbwa siku nne, barafu ilipoyeyuka wakatafuta tena, hawakuona hata kifungo cha koti. Ndugu zake wakataka kuweka matanga. Mama yake akakataa. "Mwanangu hajafa," akasema, "ametembea." Nani atambishia mama? Halafu ukaja wakati wa kuhamia vijijini. Malori ya ushirika ndiyo yaliyotumika kuhamisha watu, na siku ya kaya yao dereva nilikuwa mimi. Mama yule aling'ang'ania mlango. Analia, "Nikihama atanikuta wapi?" Mgambo wakambeba, wakamkalisha mbele, ubavuni pangu. Tulipokaribia kijiji kipya akaniuliza, "Mlikuwa wawili ndani ya gari. Ulimwambia nini mwanangu?"

Nikasema, "Hakuna, mama."

Hakuuliza tena. Lakini kila jioni alitembea kurudi kule kwenye mahame, anakaa mahali mlango ulipokuwa, jua likizama anarudi. Alifanya hivyo mpaka miguu ikakataa. Alipokufa nilichimba kaburi mimi, na hata pale ukingoni sikusema.

Kwa hiyo sikiliza. Mtu akikuambia anaogopa, usimpime kwanza kama ni mwoga. Muulize anaogopa nini, halafu nenda ukakiangalie hicho kitu kwa macho yako. Wazee walishasema, kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Msemo huo niliusikia utotoni, nikadhani ni wa watu wavivu. Heshima ya nchi haiokolewi kwa kuficha breki mbovu, wala ya nyumba, wala ya ndoa, hata ya kanisa. Na siri aliyokusitiria mwenzako, usiiguse hata ukiwa unazama, maana heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi kidole cha mguu niliwahi kukivunja kule Suguti, kikapona. Na ukishakosea, sema mapema. Sema ungali na wa kumwambia. Mimi nilingoja nipate maneno mazuri, na waliostahili kuyasikia wakaisha mmoja mmoja.

Mungu akupe sikio kabla hajakupa mdomo. Akupe rika la kukusogezea goti, na akupe akili ya kumtambua angali yupo. Uende ukirudi, mwanangu, na unaowapenda waende wakirudi.

Sasa nimalizie.

Tulishuka kwenye lori, tukasimama barabarani. Wambura akachota barafu, akaiweka kwenye jeraha, ikawa nyekundu, akaitupa, akachota nyingine. Masatu na Mzee Polepole walikuwa wamesikia mlio kule chini, wakasimamisha gari lao, wakapanda mbio kwa miguu. Mzee alitushika mabega mmoja mmoja kuona kama tuko wazima. Halafu akainama kwenye gurudumu, akagusa, akanusa vidole. Akamwuliza Masatu kitu.

Masatu akasema, "Anauliza kama breki ilionyesha dalili yoyote kabla."

Masatu mwenyewe alikuwa anajua jibu. Alikuwepo pale kileleni. Aliniangalia mimi, akaangalia chini. Wambura naye aliniangalia. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Kwa nini nisiseme ndiyo, mwanangu? Neno fupi kuliko yote. Lakini niliona kile kidaftari kinatoka mfukoni.

Nikasema, "Mwambie hapana."

Wambura akaitupa ile barafu ya mkononi. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka cha juu. Akaanza kutembea, siyo kushuka kuliko na nyumba, anapanda tulikotoka, katikati ya vile vyuma vya kinu, anavikwepa vizuri kama mtu anayevuka shamba la mwenzake bila kukanyaga miche.

"Wambura!" Masatu akamwita. "Unaenda wapi?"

"Nakuja," akajibu, bila kugeuka.

Sisi watu wa huku tukiondoka ndivyo tunavyosemaga. Tukadhani anaenda kujisaidia, tukageuza nyuso kwa heshima. Nilipotazama tena alikuwa anaikunja kona, mkono ameegemeza kwenye ukuta wa barafu. Hakuharakisha. Akapita.