Roketi ya Kadi za Harusi

Harusi yangu ilivunjwa kwa meseji. Bwana harusi aliandika kwamba bado hajawa tayari, nimsamehe, Mungu anibariki, basi. Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapwa. Nusu zilishagawiwa hapa Mpanda, na nusu zilibaki kwenye boksi chini ya kitanda changu: manila nyeupe, ngumu, majina yetu wawili kwa herufi za dhahabu. Mimi nikajifungia ndani.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa naona aibu tu, aibu ya kukausha mate mdomoni. Nikifika getini, miguu inagoma, narudi. Nafundisha chekechea, na ruhusa niliyoomba ilikuwa inaelekea ukingoni. Nisiporudi, darasa langu lingepewa mtu mwingine. Nilijua hilo vizuri sana na bado sikutoka. Waliokuja kunipa pole ndio walinimaliza kabisa. Kila mmoja na methali yake: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kadhalika. Wa nne kuniambia habari za koleo nilitamani nimng'ate.

Mama hakunipa methali. Ni fundi cherehani, Msukuma aliyekulia kwenye ng'ombe huko Litapunga, na maneno kwake ni kama kitambaa cha mteja, hakati ovyo. Aliniwekea chakula, akaendelea kushona.

Siku moja nilikuwa nimejilaza naangalia simu. Ikaja video ya mtu anakunja karatasi ngumu, anatengeneza roketi, anaivika kwenye bomba, anakanyaga chupa, fyuu, inapaa. Nikasema kwa hasira tu, "Na zile kadi zangu zingefanywa hivi hivi. Zirushwe huko zisirudi."

Cherehani ikanyamaza. "Hebu nione," mama alisema. Akaangalia video, akairudia, kisha akainama akavuta boksi uvunguni. "Lete mkasi."

"Mama, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii."

Tukahamia uani. Mama alikata kadi kama anakata kola ya shati, bila kupima mara mbili. Kadi moja ilikuwa fupi, akaunga mbili, akazizungushia kwenye kipande cha bomba la maji lililobaki tulipovuta maji, zikae karibu lakini ziteleze. Nilimwambia maandishi yaingie ndani. Akayaweka nje. "Dhahabu yote hii uifiche? Ah!" Kichwa akakitengeneza kama kofia ndogo yenye ncha, mabawa akakata matatu, na gundi ikawa uji mzito wa unga wa muhogo. Hapo ndipo tulipokosea. Tuliianika juani ikauke, tukaingia ndani kunywa chai, tukatoka tukakuta kuku wamemaliza mabawa yote na wanahamia kichwani. Mama alirusha kandambili na matusi ya Kisukuma ambayo siwezi kuyaandika. Nami nikacheka! Nilicheka mpaka nikakaa chini, na sauti ile niliishangaa mwenyewe.

Ya pili tuliianika juu ya bati. Mtambo wa kurushia ulikuwa rahisi: chupa laini ya maji, tyubu kuukuu ya baiskeli, na lile bomba, vyote vimefungwa kwa vipande vya mpira. Ukikanyaga chupa, upepo unapita kwenye tyubu unaisukuma roketi. Mama alishika bomba, mimi nikakanyaga. Pss. Ikaruka kimo cha mbuzi, ikaanguka.

"Unakanyaga kama mgeni," mama alisema. "Ipulize chupa, tuanze tena. Na safari hii mfikirie yule bwana."

Jamani. Nilirudi nyuma, nikakunja kanga, nikaruka kwa miguu yote miwili. Chupa ililia paa! Roketi ikaenda juu ya paa, juu ya mpapai, ikameremeta kidogo huko juu, na tukaanza kupiga vigelegele, mama na mimi, wawili tu, kama ukumbi mzima. Kisha nikaona inapoelekea. Ilipita juu ya geti, ikashukia barabarani.

Majina! Majina yetu yako nje, wataokota, watasoma! Sikuwaza lingine. Nilifungua geti nikakimbia peku, na kanga ya kulalia.

Roketi ilikuwa imechomeka kwenye beseni la mama mmoja muuza samaki, migebuka ya Karema, mkabala na kwetu. Alikuwa ameshaichomoa. Aliigeuza, akasoma, nikamwona akisoma. Akanitazama miguu, akanitazama uso.

"Hii kitu inaruka yenyewe?"

"Tunakanyaga chupa."

"Kesho mniite na mimi nikanyage. Umekonda, mwalimu." Akanipa roketi yangu, inanuka samaki.

Basi. Hakuna aliyecheka. Nikageuka kurudi, nikasikia komeo la geti linaingia.

"Mama! Fungua!"

"Kwa kuwa umeshatoka," alisema kwa ndani, taratibu kabisa, "pitia sokoni ulete nyanya." Na kandambili zangu zikapita juu ya geti, moja, halafu nyingine, noti ya nyanya imefungwa kwenye mkanda wake. Mpaka leo ukimuuliza kama bomba lile alilielekeza getini makusudi, anasema upepo.

Niligonga, nikalalamika, wapi. Nikaenda. Sokoni Kashaulili niliinamisha kichwa mpaka kwa muuza nyanya, ambaye mtoto wake yuko darasani kwangu. Naye alikuwa na kadi yangu, nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe.

"Mwalimu," alisema, "mwanangu ananisumbua. Unarudi lini?"

"Jumatatu," nikasikia mdomo wangu unasema.

Hakuuliza lingine. Alinifungia fungu langu, akauzuia mfuko kidogo, akaongeza nyanya mbili nzuri juu. "Pole," alisema, basi.

Nililia njia nzima ya kurudi. Nililia nikitembea katikati ya mji, mchana kweupe, roketi kwapani na nyanya mkononi, nikimsalimia kila aliyenisalimia. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameshafungua geti.