Kutu Chini ya Nta

Tulipohamia kijiji cha ujamaa karibu na Mungaa, maji yalikuwa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa dereva wa lori la kijiji, kuukuu, lililotoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Sekenke. Rimu zake, vile vyuma vinavyoshika matairi, zilikuwa zinaliwa na kutu, na mpya hazikupatikana popote. Nilizipaka oili chafu, vumbi likagandia na kutu ikaendelea. Nikapaka mafuta ya kondoo, mbwa wakayalamba. Mwishowe nikaomba nta kwa mrina asali, nikaiyeyusha na kuipaka ingali moto. Rimu ziling'aa.

Mke wangu akaniuliza, "Umekwangua kutu kwanza?"

"Sina msasa," nikamjibu, "na watu wana kiu."

Siku chache baadaye, nikirudi na mapipa ya maji, rimu ya nyuma ilipasuka. Lori likalala ubavu, maji yote yakamwagika mchangani. Wanawake walikuja mbio na ndoo, wakaanza kuchota tope kwa viganja. Nilimwamkia bibi mmoja, "Shikamoo, bibi." Akanigeuzia mgongo, akaendelea kuchota. Nikapiga magoti nikachota naye, machozi yakinitoka.

Niliigeuza rimu ile. Chini ya nta, chuma kilikuwa kimeoza kama gome la mti mkavu. Zilizobaki nilizisugua kwa jiwe na mchanga hadi chuma kikawa cheupe, nikazipaka nta upya. Haikusaidia kitu. Rimu ya kuziba pengo la ile iliyopasuka haikupatikana, na lori halikuondoka pale. Maji tuliyabeba kichwani mpaka mvua iliponyesha.