Kizunguzungu cha Daktari Arthur

Daktari Arthur Nsabimana alirudi Kigali kutoka Ubelgiji na koti zito la baridi na wazo moja, na vyote viwili alivivaa juani bila kuona haya. Wazo lenyewe ni hili: watu wa Kigali wanashikwa na kizunguzungu kwa sababu ya vilima. Kupanda na kushuka kutwa, alisema, kunavuruga vijiwe vidogo vilivyo ndani ya sikio. Mtu anaona dunia inazunguka, mara chini puu. Dawa yake ni kumlaza mgonjwa, kumshika kichwa na kukigeuza ghafla, kulia kisha kushoto, vijiwe virudi kwao.

Akapewa kona katika chumba cha dharura cha hospitali moja ya mjini, afanye utafiti. Wagonjwa hawakukosekana. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu, vita viko kaskazini, viazi vya Ruhengeri havishuki tena mjini kama zamani, na watu walianguka sokoni, kanisani, hata kwenye ngazi za ofisi. Arthur aliwapokea kwa bashasha kama bwana harusi.

Kila aliyeletwa aliulizwa kama amepigwa kichwani, kama ana homa, kama amekula. Hapo kwenye kula wote walikuwa na jibu moja: nimekula, Muganga, nimeshiba, asante. Jamani, Mnyarwanda gani mwenye malezi yake atamwambia mtu baki kwamba ana njaa? Watu ambao hata ndizi hawaimenyi barabarani, midomo isionekane ikicheza, leo wamwambie mwenye tai kwamba jikoni kwao hakujawaka moto? Afadhali waanguke. Arthur mwenyewe alizaliwa Nyakabanda, mtaa wa hapo hapo Kigali, na kulelewa hivyo hivyo, ila Ulaya ilikuwa imemsahaulisha yale yasiyomfaa. Aliandika kwamba wamekula, akaendelea.

Akawageuza vichwa. Kisha, kwa agizo lake, muuguzi Xavérine aliwapeleka nyuma ya pazia, wakapewa mkate na chai ya maziwa yenye sukari tele, eti masikio yatulie. Walitoka wamesimama wima. Arthur akajipiga kifua. Profesa wake wa Ubelgiji akapiga simu kusema matokeo ni ya ajabu. Yakibaki hivyo, mkutano wa madaktari unamngoja Brussels, na kazi huko huko. Kila mwenye macho Kigali alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, na Arthur alikuwa ameupata kwenye masikio ya watu.

Ndipo akaletwa Spès, mama yake mzazi, ameanguka akitoka misa. Arthur hakuwa amekanyaga kwake miezi mingi. Utafiti, unajua tena. Siku hiyo daktari alikuwa bado kwa mkurugenzi wa hospitali, hivyo Xavérine, kwa heshima ya mama wa daktari, akampitisha moja kwa moja nyuma ya pazia. Arthur alipofika alimkuta ameketi wima, uso ameuelekeza ukutani, anamalizia mkate. Kizunguzungu kimekwisha, na kichwa hakuna aliyekigusa.

"Mama, tangu lini hujala?"

"Nimekula, mwanangu," akajibu, akipangusa midomo haraka. "Huu nimeupokea kwa adabu tu. Mtu akikukaribisha, utakataa?"

Jibu hilo Arthur alilijua. Alipokuwa mtoto, chungu kikipungua, mama alimsukumia sahani yote akisema yeye alishakula jikoni. Naye alikula, akakua, akasoma. Sasa aliiona mifupa ya mabega ya mama imetokeza chini ya kitenge, na aibu ikampanda. Wagonjwa wake wote, mmoja mmoja, walikuwa wametafuna nyuma ya pazia lile. Wote walikuwa na njaa, na akilisema hilo, Brussels kwaheri.

"Lala, Mama."

"Nimeshapona, Arthur."

"Lala hivyo hivyo."

Akamshika kichwa, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto. Spès alimtazama, akaelewa kwamba mwanawe anahitaji kitu, na maisha yake yote hakuwahi kumnyima. Akafumba macho, akayafumbua.

"Ee, sasa ndiyo dunia imetulia," alisema, chumba kizima kikasikia.

Arthur akaandika: amepona baada ya kugeuzwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua, wasemavyo Waswahili. Huyu aliyeficha maradhi ya wenzake alipewa tiketi ya ndege.

Spès akarudi Nyakabanda akiwasifia majirani mikono ya mwanawe. Wakaja naye, wazee kwa akina mama, katika nguo zao za kanisani, wakajipanga mlangoni pa chumba cha dharura, kila mmoja akitaka kugeuzwa. Xavérine akatoka kuwaambia kwamba Daktari ameshasafiri kwenda kuwasomea wenzake utafiti, na chai ile, kwa kuwa ilikuwa ya utafiti, imesimamishwa.

Spès aliushika ukuta kidogo, akatengeneza kitenge begani.

"Haidhuru, binti yangu," alisema. "Sisi tulikuwa tunapita tu, tukasema tukusalimie."