Koti Zito la Munji

Ridha, mtoto wa mtaani kwetu anayeishi Roma, alipopiga simu nilikuwa jikoni naparua samaki. Alisema kaka yangu Munji, aliyefikia kwake, ameanguka barabarani asubuhi ile, moyo umesimama, amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nilimpelekea mama habari sebuleni. Hakulia.

"Uongo huo," alisema. "Amepata njia ya kutorudi. Mwambie Ridha mimi si mtoto mdogo."

Msomaji asimhukumu mama. Hapa Binzarti, ng'ambo tu ya bahari na Italia, tumewaona wengi waliokwenda Ulaya kutembea wiki moja, na mpaka leo wanatembea. Ndiyo maana mtu akipata viza, sanduku lake hukaguliwa kwanza nyumbani. Wa kurudi hubeba vichache. Asiyerudi hubeba vyeti vya shule na mafuta ya zeituni ya kutosha mwaka.

Munji alikuwa fundi wa kurekebisha cherehani, mwenye umri wa hamsini na kitu, hajaoa. Alitengeneza mashine za wanawake wa mtaa mzima, na sala ya alfajiri ilimkosa msikitini akiwa na homa tu. Kiitalia alikijua bila kukaa darasani, kwa kutazama televisheni yao tangu utotoni. Alitaka kuuona mji wa Roma siku chache, basi.

Siku ya safari alipanga sandukuni viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, mashati, sweta jepesi, mwavuli mdogo na dawa zake za presha. Juu akalaza suti nyeusi. Chini kabisa mama akagundua koti zito, na huo ulikuwa mwezi wa Aprili.

"Koti la nini? Unaisubiri baridi ya Desemba?"

"Mama, kule usiku kuna ubaridi."

"Na suti? Nani anaoa?"

"Mimi. Nimepata binti wa waziri, ila ana jino moja."

Jirani yetu Bi Wasila alikuwepo. "Cheka tu, Munji," alisema. "Mwanangu naye alicheka hivyohivyo. Sasa ana watoto ambao hata majina yao siyajui."

Mama akalichomoa koti, akalikalia. Hakuinuka mpaka teksi ilipofika. Kisha akamwaga maji nyuma ya gari, kama tufanyavyo ili msafiri arudi, lakini si kikombe: ndoo nzima, mpaka dereva akawasha waipa.

Kwa hiyo habari ya msiba ilipofika, mama alikataza viti vya matanga visiwekwe mlangoni. Waliokuja kutupa pole aliwarudisha. Yeye mwenyewe akampigia Ridha.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Suti, mama. Kila siku suti. Alisema akivaa jinzi polisi wanamsimamisha kumwuliza karatasi, akivaa suti wanampisha."

"Amekufundisha vizuri," mama alisema, akakata simu.

Hata jeneza lilipoletwa kutoka uwanja wa ndege, lilipowekwa uani, alisimama mbele yake amekunja mikono.

"Kilichofungwa sikipokei. Fungueni."

"Dada Beya," mjomba alimsihi, "ndani kuna bati, limechomelewa."

"Basi lirudisheni kwa mwenyewe."

Mjomba akafungua mfuniko wa mbao. Katika bati palikuwa na kioo kidogo, juu ya uso. Mama alikifuta kwa mkono wa gauni lake, akainama. Alitazama muda mrefu, kama anayetafuta kosa.

"Ni yeye," alisema. "Wamemnyoa vibaya."

Ndipo akakaa chini kando ya jeneza. Aliweka kiganja juu ya kioo, akamwambia, "Nimekuridhia, mwanangu. Mwenyezi Mungu naye akuridhie." Alirudia maneno hayo mpaka sauti ikakauka.

Wanaume walimchukua Munji kwenda kumsalia baada ya adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki, tukawasikiliza wakitamka shahada mpaka wakapinda kwenye duka la mikate. Walizika kando ya baba. Waliporudi, mama alimwuliza mjomba kama Munji ameelekezwa kibla. Mjomba akasema ndiyo, amemwona kwa macho yake. Mama akaitikia kwa kichwa, akaomba viti viwekwe mlangoni.