Mishumaa ya Harusi ya Raya

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia harufu ya nta. Nilikuwa msichana, hapa hapa Gando, na dada yangu Raya alikuwa anaolewa. Umeme ulikuwa umekatika kisiwa kizima, haijulikani utarudi lini. Mie kwa ujuba wangu nikasimama mbele ya wazee, nikasema chumba cha bibi harusi nitakitia nuru mwenyewe, kwa mishumaa minene iliyosimama kama nguzo. Nami sikuwahi kutengeneza hata mmoja! Ahadi ni deni, na wakwe zetu wa Chake walikuwa watu wasiopitwa na kasoro.

Nta nilipewa na mjomba, mrina asali wa Makangale. Fundi bati akanikunjia bati likawa kalibu, chombo cha kuumbia mshumaa. Nikaimimina nta kwa pupa, kisha nikaitumbukiza kalibu kwenye ndoo ya maji baridi ili igande upesi. Mshumaa ukatoka na vishimo kama jiwe la pwani, umepasuka ubavuni, na juu umebonyea kuzunguka utambi. Uliofuata ukawa vile vile. Shangazi akasema, kwa upole wake, labda tuazime taa kwa jirani. Maneno yale yaliniuma kuliko matusi.

Nikauchukua mshumaa wangu mbovu hadi Wete, kwa Bi Kamala, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akijitengenezea mishumaa ya sikukuu zao. Aliugeuzageuza kiganjani, kisha akanitazama.

“Nta umeiyeyusha, Zuwena, lakini moyo wako bado unachemka.”

Nikamwuliza kama nta yangu ndiyo imekwisha haribika.

“Nta haiharibiki. Irudishe motoni, uanze tena.”

Kuvunjika kwa koleo, mwanangu, si mwisho wa uhunzi. Akanifundisha kuipasha kalibu joto kwanza, na kuipaka ndani mafuta ya nazi kidogo tu. Nta niimimine taratibu, ikitelezea ubavuni, kisha niigongegonge kalibu kwa mwiko ili mapovu yapande. Ikianza kushika, nitoboe kando ya utambi kwa chelewa la ufagio, nijazie nta pale inapobonyea. Baada ya hapo nisiiguse mpaka ipoe yenyewe.

Nikarudi Gando nikafanya hivyo; kungoja kule ndiko kulikonitoa jasho. Lakini nilipoipindua kalibu, mshumaa uliteleza wenyewe mkononi mwangu, laini kama yai. Niliita nyumba nzima waje kuupapasa!

Magharibi ya harusi chumba cha Raya kiling'aa. Mama mkwe wake akapitisha kidole kwenye mshumaa, juu hadi chini, akitafuta kasoro. Hakuiona. Akauliza umenunuliwa duka gani Unguja. Mama yangu akanishika bega.

“Duka lenyewe ndilo hili: binti yangu huyu.”

Vigelegele vilivyopigwa, mwanangu, hadi leo vinaniinua kichwa.

Basi shika haya: kazi mpya ikikushinda, usiitupe wala usiifiche. Ipeleke kwa anayeijua, pokea karipio lake, kisha rudi uanze tena bila pupa. Mwenda pole hajikwai. Mola akupe mikono mitulivu, akukutanishe na wanaojua, na kila ukianzacho akitie nuru. Amin.