Namba Tisa wa Chemchem

Ukipita Chemchem mida ya alasiri, utasikia kibanda cha Shigela kabla hujakiona. Ni kibanda cha gemu: televisheni za vitambi, mabenchi yaliyolegea misumari, na gemu moja la mpira, la kizamani kiasi kwamba wachezaji wake hawana vidole.

Lilipofika mjini Tabora miaka hiyo, mahakimu wake walikuwa vijana wa mabenchi, na hukumu yao haikuwa na rufaa. Walisema refa ni kipofu na mashabiki wa jukwaani ni makaratasi, lakini pasi zake zinasikia mkono. Baadaye Shigela alileta gemu jipya lenye wachezaji wanaotokwa na jasho. Vijana walilicheza, wakalisifia, kisha wakaomba la zamani lirudishwe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ila kilicholifanya lisife Chemchem ni timu. Enzi za ujana wao, Shigela na rafiki yake Majidi waliichukua timu moja ya Ulaya wakafuta majina yote, wakaandika ya vijana wa mtaani. Majidi alijipa namba tisa. Uwanjani mtu huyo hakuwa lolote wala chochote, mpira ulimpita kama mgeni asiyemjua. Lakini kwenye gemu alijiwekea mbio za swala na mashuti ya kuchana nyavu. Muda si mrefu akaenda porini Ipole na mjomba wake kurina asali, akaanguka kutoka mtini. Walimrudisha amefunikwa.

Vijana wa leo hawakumjua. Kwao Majidi ni namba tisa basi, na kila alasiri wanalipaza jina lake mpaka bati linatetemeka: "Majidi! Mpe Majidi!"

Jina hilo lilimkaa Shigela rohoni. Ukiweka chini pedi ya kuchezea, wachezaji wengine wanazubaa. Namba tisa anakimbilia kushoto, mkono juu, akiomba mpira. Marehemu aliomba hivyohivyo. Labda gemu ndivyo lilivyotengenezwa. Labda. Lakini Shigela, baba wa watu, aliacha kuichezea timu ile akiwa peke yake. Na ukuta wa nyuma wa kibanda ndio ukuta wa ua wa Bi Zamda, mama yake Majidi. Kila jina lile likipazwa, Shigela alijikunyata akimfikiria yule mama.

Mwisho akalifuta jina. Alijiambia ni heshima kwa mzazi. Heshima gani! Alikuwa anaogopa, na woga ukikosa nguo huazima kanzu ya heshima. Vijana walinung'unika, kisha wakazoea. Wakaanza kupiga kelele, "Tisa! Mpe Tisa!"

Wiki ilipotimia, Bi Zamda akasimama mlangoni, ameshika nguzo.

"Shikamoo mama," Shigela aliinuka.

"Marahaba. Shigela mwanangu, Majidi kaenda wapi?"

Shigela alitoka nje naye, akamweleza kwa kubabaika kwamba amemtoa, kwamba aliona si vizuri mama kusikia jina la marehemu likipigiwa kelele.

"Nani alikutuma?" Sauti yake haikupanda. "Wewe si wa hapa hapa Unyamwezi? Huyo mwanao unayemwita Mhoja nyumbani kwako, si jina la babu yako? Mtu akifa, jina lake hupewa mtoto, likaendelea kuitwa uani. Mwanangu hakuacha hata mtoto wa kusingiziwa. Alikuwa anaitwa hapa kwako tu. Nilikuwa nachambua mchele wangu nyuma hapo, nasikia wenzake wanamwita. Sasa wiki nzima sijamsikia. Umenizikia mwanangu mara ya pili, na safari hii hukunipa taarifa."

Shigela alitamani ardhi impokee. Alirudi ndani, akaliandika jina upya, herufi kwa herufi. Mama akaenda uani kwake kungoja.

Vijana wakacheza. Namba tisa akapata mpira, jina limekaa juu ya kichwa chake waziwazi. "Tisa!" wakapaza sauti. "Tisa, piga!" Midomo ilikwishazoea. Shigela aliwakaripia, wakajaribu, wakasahau, wakarudi kwenye Tisa. Nyuma ya ukuta ungo wa Bi Zamda ulikuwa kimya.

Basi Shigela akampokonya mmoja pedi. Alimsukuma namba tisa kushoto, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana wake.

"Majidi! We Majidi!"

Halafu, ng'ambo ya ukuta, Bi Zamda akaitika, kama mama yeyote anavyowajibu marafiki wa mwanawe waliokuja kumpitia mpirani.

"Anakuja! Msubirini, anamalizia kula!"

Hakuna aliyecheka. Shigela alisimamisha mchezo, wakamsubiri.